Mafuta ni ya Alfajiri, Mshahara ni wa Mzani



Wahenga walisema biashara ni asubuhi, jioni ni mahesabu. Katika mashamba ya mimea ya kunukia methali hii imegawanywa vibaya. Asubuhi ni ya mwajiri, maana ndipo maua na majani yanapokuwa yamejaa mafuta. Jioni ni yetu sisi, tunapofika penye mzani na kukuta mahesabu yametugeuka.

Malalamiko ya namna hii yametufikia kutoka matawi kadhaa. Wavunaji wa jirania, wakataji wa mchaichai, wachumaji wa maua, wote husema jambo moja kwa maneno mbalimbali: tunaamshwa usiku kwa sababu ya ubora wa mafuta, lakini tunalipwa kwa uzito wa majani. Leo tunataka kulieleza jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu mfanyakazi asiyejua thamani ya kazi yake hawezi kuidai.

Wengi mnaosoma ukurasa huu mko kwenye chai, miwa, au viwandani, nanyi mtauliza habari za mafuta ya kunukia zinawahusu nini. Tunaomba msome hadi mwisho. Wachumaji wa chai hasa mtatuelewa upesi, kwa kuwa ninyi pia mnaambiwa kila siku majani mawili na chipukizi, kisha mnalipwa kwa kilo.

MAFUTA YANAKAA WAPI

Sisi hatukusoma kemia. Elimu yetu ni ya shule ya msingi. Haya tumeyajifunza kwa wapishi wa matangi na kwa wavunaji wenyewe, na wataalamu wanakubaliana nayo.

Mafuta ya kunukia hukaa katika vifuko vidogo sana ndani ya jani, ua au gome, au juu ya vinyweleo vya jani. Ukilisugua jani la mnanaa kwa vidole, vifuko hupasuka, ukasikia harufu. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na mvuke. Majani hujazwa katika tangi, mvuke wa boila hupita katikati yake na kuyabeba mafuta, kisha hupitishwa katika bomba la kupoza na kuwa maji tena. Hapo mafuta hujitenga na maji. Mengi huelea juu. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, kwa hiyo huzama.

Sasa basi, mmea haushiki mafuta sawasawa siku zote. Kuna umri ambao yanakuwa mengi, na kuna saa. Hata yakiwa mengi, huenda yasiwe yale anayoyataka mnunuzi, maana ndani yake zimo dawa nyingi mbalimbali, nazo hubadilika mmea unavyokua. Mnanaa wa viwandani ukikatwa mchanga una mentoli kidogo. Ukingojewa hadi karibu na kutoa maua, mentoli huzidi, na mentoli ndiyo inayotafutwa. Ukipitisha wakati, maua yakiwa mengi na majani yakaanza kupukutika, ubora hushuka tena.

KILA MMEA NA SAA YAKE

Tuanze na karafuu, ambazo Unguja na Pemba zimezijua tangu karne ya 19. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka. Likiwa kijani bado ni changa. Linapoanza kugeuka rangi na kuwa jekundu hafifu, hapo ndipo limejaa mafuta, na ndipo lichumwe. Likiachwa likafunguka, ua huanguka, tunda huanza kukua, na mafuta hupungua sana. Karafuu kavu nzuri ina mafuta ya asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake. Makonyo yana machache zaidi, asilimia 5 hadi 7 tu, na majani yana machache kuliko hayo. Kule Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, kuna kiwanda cha makonyo kinachokamua mafuta hayo, kwa hiyo hata kile mchumaji alichokitenganisha na karafuu hakitupwi.

Lakini karafuu za mti mmoja haziivi siku moja. Shada hili limeiva, lile bado. Hivyo mchumaji hapana budi aupande mti ule ule zaidi ya mara moja katika msimu, na mkarafuu ni mti mrefu, wenye matawi yanayovunjika upesi. Wako wenzetu walioanguka. Kwa desturi mchumaji hulipwa kwa pishi. Pishi haiulizi kama umeacha mashada machanga yaive. Inauliza imejaa au haijajaa.

Pili ni langilangi, inayolimwa kwa wingi katika Visiwa vya Komoro. Maua yake huwa kijani kwanza, kisha njano. Linalofaa ni lile la njano lililoanza kuwa na alama nyekundu penye shina la petali. Wachumaji, ambao wengi ni kina mama, huanza alfajiri na kumaliza kabla jua halijawa kali, kwani harufu ya ua hilo hujaa usiku na hupungua mchana. Maua yakishachumwa lazima yaingie kwenye tangi siku ile ile. Kilo 100 za maua hutoa kama kilo 2 za mafuta. Mafuta yanayotoka mwanzo wa kupika ndiyo ya daraja la juu kabisa, nayo ndiyo yenye bei kubwa. Yanayofuata hushuka daraja kwa daraja, na moto huendelea saa 18 au zaidi. Maua yakichumwa mabichi, au yakachelewa njiani, hata mpishi hodari hawezi kuyarudishia ubora.

Tatu ni waridi. Hilo si la kwetu, ni la Bulgaria na Uturuki, lakini linafundisha. Huko huvuna katika Mei na Juni, kuanzia alfajiri, ua likiwa limetoka kufunguka na umande ungali juu yake. Kilo moja ya mafuta huhitaji kilo 3,000 hadi 4,000 za maua. Hebu fikirini ni mikono mingapi iliyoamka gizani kwa ajili ya chupa moja.

Nne ni jirania, ambayo sasa inalimwa Rwanda na Kenya pia. Mvunaji mzoefu huijua kwa pua. Inapokuwa changa hunuka kama limau. Inapokomaa, majani ya chini huanza kugeuka njano na harufu hugeuka kuwa ya waridi. Hapo ndipo ikatwe, siku kavu, isiyo ya mvua. Mafuta yake ni haba: kilo 1,000 za majani hutoa kilo moja au mbili tu.

Tano ni mchaichai. Ukipandwa, hukatwa mara ya kwanza baada ya miezi 4 hadi 6, halafu kila baada ya miezi miwili au mitatu, mvua ikiruhusu. Ukikawia, majani huwa makavu na magumu, gunia linajaa lakini mafuta ni machache. Huu lakini huvumilia kunyauka kidogo kivulini kabla ya kupikwa. Na pachuli hutaka ikaushwe kwanza. Kwa hiyo hatusemi kwamba kila mmea unataka haraka. Tunasema kila mmea una saa yake, na lazima awepo mtu anayeijua.

NANI ANAYEIJUA SAA

Ndugu, mtu huyo ni nani? Maabara ina mashine za kupima mafuta, lakini hupima yakiwa tayari kwenye chupa. Meneja ana kalenda, lakini kalenda haijui kwamba jana ilinyesha upande wa bondeni na kilimani haikunyesha. Anayesimama mbele ya ua saa kumi na mbili asubuhi na kuamua hili ndiyo, hili bado, ni mchumaji. Anayenusa jani la jirania na kusema tungoje siku tatu ni mkataji. Anayeona mafuta yametoka na rangi isiyo yake ni mpishi wa tangi. Hizo ni akili za kazi. Hazikuja zenyewe, zimelipiwa kwa miaka mingi ya umande na mikono iliyochanika. Hata hivyo katika karatasi za mshahara tunaandikwa vibarua wasio na ujuzi.

Hapa Uganda tuna mfano mwingine, ingawa si wa mafuta. Vanila ikivunwa changa haina harufu inayotakiwa, maana huhitaji kama miezi 9 tangu ua lilipochavushwa. Wakulima walikuwa wakivuna mapema kwa kuogopa wezi, na sifa ya vanila yetu ikaharibika. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna kila msimu. Maana yake Serikali yenyewe imekiri kwamba siku ya kuvuna ni mali ya kulindwa. Kama siku ni mali, basi anayeilinda kwa mikono yake naye anastahili fungu lake.

TULIYOYAONA WENYEWE

Mwaka 2022 tuliitwa kwenye shamba moja la jirania. Wafanyakazi walikuwa wamekatwa mshahara kwa madai kwamba wameharibu mafuta. Tulifika jioni, tukalala kwenye kambi, na asubuhi tukaingia shambani pamoja nao.

Ukataji ulianza saa kumi na mbili. Ilipofika saa nne asubuhi sehemu ya siku ile ilikuwa imekwisha, na mitumba imelundikwa kando ya barabara. Trekta lilikuwa moja, na tela moja, navyo vilikuwa vimepelekwa kubeba kuni za boila. Mzani ulikuwa langoni mwa kiwanda, mwendo wa zaidi ya kilomita mbili. Tulikuwa na mzani wetu wa mkono. Tukapima mtumba mmoja uliokuwa juu ya lundo: kilo 20. Tela lilirudi saa nane mchana. Tukaupima tena ule ule: kilo 17.

Kilo tatu zile zilikwenda wapi? Zaidi zilikuwa maji yaliyokaushwa na jua. Mafuta kwa sehemu kubwa yalikuwa bado ndani. Kwa hiyo mwajiri alipokea karibu mafuta yale yale kwa malipo ya kilo 17. Hiyo ni mitumba ya juu. Tulipotia mkono katikati ya lundo, majani yalikuwa ya moto kama mbolea inayooza, yameanza kuwa meusi. Hayo ndiyo yaliyoharibu mafuta, kisha faini ikamwangukia aliyeyakata yakiwa mazima tangu asubuhi.

Tukamwuliza karani wa mzani kuhusu umande. Akatueleza bila kuona haya: majani yakifika yana umande, hukata kilo mbili kwa kila mtumba. Je, yakifika yamekauka, huongeza? Akacheka. Ndugu, hapo ndipo tulipoielewa biashara yote. Maji yakiwepo ni ya mwajiri kukata. Maji yakitoweka ni ya mfanyakazi kupoteza.

Kamati ya tawi ilikwenda kwa meneja ikiwa na vipimo vile viwili vimeandikwa kwenye karatasi, saa na kilo. Mpishi wa tangi, mzee wa miaka mingi kazini, alikubali kusema mbele ya meneja kwamba majani yaliyofika kabla ya saa tano hayakuwa na kasoro. Tulizungumza siku mbili. Mzani ukahamishiwa kando ya shamba, na tela la pili likapatikana. Fedha walizokatwa wavunaji hazikurudi zote, na jambo hilo bado tunalidai. Lakini malalamiko ya mafuta mabovu yalipungua tangu mwezi uliofuata. Yaani mwajiri naye alipata faida kwa kumsikiliza mfanyakazi.

TUSEMEZANE UKWELI

Si haki tumlaumu mwajiri peke yake huku tukifumba macho kwa yetu. Wako wenzetu wanaochuma mabichi pamoja na yaliyoiva ili kikapu kijae. Wako wanaovunja tawi zima la mkarafuu ili wachumie chini. Wako wanaonyunyizia majani maji njiani, au kuficha vijiti katikati ya mtumba. Tunalisema hili kwa uchungu, maana mwenye kufanya hivyo anampa mwajiri fimbo ya kutupigia sote.

Hata hivyo tuulize sababu. Mtu anayelipwa kwa kilo amefundishwa na mshahara wake kupenda kilo. Mnyapara anaweza kusema ubora kutwa nzima, lakini mzani husema uzito, na mzani ndio unaonunua unga. Ukitaka mtu achague ua moja moja, umlipe kwa kuchagua.

Wengine kati ya wanachama wetu wanapinga. Wanasema: sisi ni vijana, mikono yetu ni myepesi, kwa kilo tunapata zaidi kuliko mshahara wa siku, msituharibie. Tunawaheshimu, na hatutaki kuwapunguzia. Lakini tunawakumbusha mambo mawili. Kwanza, mkono mwepesi leo utakuwa mzito baada ya miaka 15, na mgongo hautangoja ruhusa. Pili, tumeona mahali pengi kwamba vijana wakizidi kupata, bei ya kilo hushushwa, na wanaobaki nyuma ni kina mama na wazee. Ndiyo maana hatudai kilo ifutwe. Tunadai isiwe peke yake.

TUNAYOTAKA YAINGIE KATIKA MKATABA

Kila tawi linalojiandaa kukaa mezani na mwajiri, tunashauri lipeleke haya:

Kwanza, kuwe na mshahara wa siku usiopungua, hata siku ambayo mmea haujaiva na wakataji wameambiwa wangoje. Kungoja saa ya mmea ni sehemu ya kazi.

Pili, juu ya mshahara huo yawepo malipo ya kilo, na nyongeza ya ubora pale mafuta yanapopata daraja la juu. Daraja litangazwe kwenye ubao, si kubaki ofisini.

Tatu, mzani uwe kando ya shamba, na mavuno yapimwe yanapokatwa. Mwakilishi wa wafanyakazi asimame karibu na karani. Makato ya umande yakomeshwe, au yawekwe kwa kipimo kilichokubaliwa na pande zote mbili.

Nne, kazi ya alfajiri ihesabiwe tangu saa ya kukusanyika. Mwanamke anayetoka nyumbani saa kumi usiku apewe usafiri. Mabuti, makoti ya mvua na uji wa moto si zawadi, ni vifaa vya kazi kama mundu ulivyo kifaa.

Tano, ndugu zetu wa kiwandani wanaokesha na matangi wakati wa mavuno walipwe ovataimu kamili na wapate zamu ya kupumzika. Mmea una saa yake, lakini mpishi pia ana mwili.

Sita, faini za ubovu zisitozwe bila kusikilizwa. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria za nchi, au na makubaliano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Faini ya kinywa cha mnyapara haimo katika hayo. Tena uko Mkataba namba 110 wa mwaka 1958, unaohusu wafanyakazi wa mashambani hasa, ukigusa mishahara, likizo, uzazi na haki ya kujiunga na chama. Makatibu wa matawi waisome na kuwaeleza wanachama kwa lugha wanayoielewa.

LA KUFANYA KESHO ASUBUHI

Hatuwaambii mgome kesho. Tunawaambia mwandike. Kila kundi lichague mtu mmoja mwenye daftari. Aandike saa mliyoanza, saa mliyomaliza kukata, saa tela lilipofika, kilo mlizopimiwa, na kilo zilizokatwa na kwa sababu gani. Fanyeni hivyo mwezi mmoja. Daftari la senti chache limeshinda hotuba nyingi, maana meneja anaweza kuibishia hasira yetu, lakini hawezi kuibishia saa na kilo zilizoandikwa siku kwa siku mbele ya mashahidi. Ninyi wa chai, fanyeni vilevile, muone maji ya majani yenu yanavyohesabiwa.

Kuweni waangalifu pia na kazi yenyewe. Tukidai kulipwa kwa ujuzi, lazima ujuzi uonekane. Tuchume lililoiva, tuache lililo changa, tusivunje tawi la kesho. Siku tutakapokaa mezani tuweze kusema bila kusitasita: mafuta haya ni mazuri kwa sababu sisi tuliijua saa yake, na saa hiyo ina bei.

Umoja ni nguvu. Tuonane kwenye mikutano ya matawi, na madaftari mkononi.